Mrija wa Chuma, wa Kioo au Bapa wa Mika: Kuchagua Mrija wa Geiger kwa Mtumiaji wa Mombasa

Mirija ya Geiger, yaani kile kiungo kinachoihisi mionzi ndani ya chombo cha kuipima, inayomfikia mnunuzi wa kawaida wa Mombasa kwa njia ya maduka ya mtandaoni na mizigo ya posta, ni ya aina tatu hasa. Kuna mrija wa chuma wa SBM-20, ulioanza kutengenezwa enzi ya Muungano wa Kisovieti na ambao akiba ya maghala ya zamani bado inauzwa. Kuna mrija wa kioo wa J305 unaotoka Uchina. Na kuna mrija bapa wenye dirisha la mika (madini yanayochanika kuwa tabaka nyembamba sana), ambao mfano wake unaojulikana zaidi ni LND 7317 wa Marekani. Wauzaji huipanga kuanzia wa bei nafuu hadi wa bei ghali, na mnunuzi asiyeijua hudhani kwamba akiongeza fedha atapata kitu kilekile kilicho bora zaidi. Kumbe kila mmoja una mionzi unayoiona na mionzi usiyoiona kabisa, na mwalimu wa fizikia wa Nyali, mnunuzi wa vyuma chakavu wa Changamwe na mtu anayependa kupima mawe ya Kwale hawahitaji mrija mmoja.

Hapa mirija hiyo inalinganishwa kwa kazi itakayopewa, na nafasi kubwa inaachiwa jambo ambalo maelezo ya wauzaji hayaligusi, nalo ni namna umeme wa volti 400 unavyotenda ndani ya kisanduku kinachovuta hewa ya bahari.

Kile kinachohesabiwa

Ndani ya mrija mna gesi ya shinikizo dogo, kwa kawaida neoni yenye argoni kidogo, pamoja na chembechembe za halojeni kama bromini au klorini. Ukuta ndio kathodi (upande hasi), waya unaopita katikati ndio anodi (upande chanya), na kati ya viwili hivyo huwekwa mamia ya volti. Mionzi ikipita na kung'oa elektroni chache kutoka kwenye atomi za gesi, elektroni hizo huvutwa kuelekea waya, hugonga atomi nyingine njiani na kung'oa elektroni zaidi, mpaka mmiminiko wake unatosha kutoa pigo la umeme ambalo saketi rahisi kabisa inaweza kulihesabu. Hans Geiger na Walther Müller waliukamilisha mrija wa namna hii mwaka 1928 huko Kiel, Ujerumani, na msingi wake haujabadilika tangu wakati huo. Kilichobadilika zaidi ni kizimio, yaani ile gesi inayouzima mmiminiko ili mrija uwe tayari kwa pigo lijalo: mirija ya zamani ilitumia mvuke wa alkoholi au kitu cha jamii hiyo, ambao huisha kadiri mapigo yanavyoongezeka, ilhali halojeni hujiunga upya baada ya kila pigo na haiishi. Mirija yote mitatu inayolinganishwa hapa ni ya halojeni, kwa hiyo mnunuzi asitishwe na umri wa SBM-20 yenye muhuri wa miaka ya 1980, mradi kioo cha mwishoni hakijapasuka na vifuniko vyake havijaota kutu.

Pigo huwa la ukubwa uleule, iwe limezushwa na beta dhaifu (elektroni inayorushwa na kiini cha atomi) au na gama yenye nguvu (mwale usio na chembe, wa jamii ya eksirei). Mrija huhesabu tu. Hauwezi kusema kama kilicho mbele yake ni thoriamu au sesiamu, na yeyote anayehitaji jibu la namna hiyo aanze kuweka akiba ya kununua kipima-wigo cha fuwele, yaani chombo kinachopima nguvu ya kila mwale, badala ya kubadilisha mirija. Wala hauna habari na mawimbi ya minara ya simu, swali ambalo huulizwa kila mtu anapoonekana na chombo hiki mtaani, kwa sababu mawimbi hayo hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi.

Ukuta ndio unaoamua

Chembe za alfa zinazotoka kwenye urani, thoriamu na vizazi vyake (elementi zinazozaliwa atomi zake zinapovunjika) husafiri sentimita chache tu hewani, na hazivuki kitu kizito kuliko miligramu 10 hivi kwa kila sentimita mraba. Karatasi ya daftari inatosha kuzizuia. Ukuta wa SBM-20 ni chuma cha pua chembamba sana, lakini bado ni takriban miligramu 40 kwa sentimita mraba, kwa hiyo alfa haiingii hata kidogo, na beta dhaifu kama ile ya kaboni 14 huishia humohumo kwenye chuma. Beta kali za potasiamu 40, za vizazi vya thoriamu na za strontiamu 90 hupita bila taabu. J305, ukuta wake ukiwa kioo chenye utando unaopitisha umeme, uko katika kundi hilohilo la beta kali na gama.

Dirisha la mika la LND 7317 lina miligramu 1.5 hadi 2 tu kwa sentimita mraba, na upana wake unaofanya kazi ni milimita 44.5. Hapo alfa huingia, beta dhaifu huingia, na uchafu wa mionzi uliopakazwa juu ya meza au kiatu, ambao mrija wa chuma ungeupita kimya, husikika. Tofauti hii inaonekana kwa jaribio dogo la kipande cha utambi wa karabai wa zamani uliotiwa thoriamu. Utambi ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki, mrija wa chuma na mrija bapa vyote viwili hupiga kwa kasi, kwa sababu beta na gama zinavuka plastiki. Ukitolewa mfukoni na kusogezwa karibu na dirisha la mika bila kuligusa, hesabu ya mrija bapa hupanda tena. Ukiingiza karatasi moja katikati, hushuka palepale, na kilichopungua ni alfa. Mrija wa chuma hautaonyesha tofauti yoyote ya maana kwa karatasi hiyo. Utambi wenyewe ushikwe kwa koleo na usisuguliwe, maana vumbi lake likivutwa kifuani ndilo lenye madhara. Na muuzaji aulizwe kwanza, kwa kuwa tambi nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa itriamu na hazitoi chochote.

Kwa gama, mambo hugeuka. Mwale wa gama hauhitaji dirisha, na mingi hupita katikati ya mrija wowote kati ya hii bila kugusa kitu. Inayohesabiwa ni kama mmoja katika mia, au pungufu. Kinachoamua hapo ni ukubwa wa mrija hasa.

Namba za wauzaji na maana yake

Mradi wa Safecast, ulioanzishwa Japani baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, ulitumia LND 7317 katika vyombo vyake, na ukahesabu kwamba mapigo 334 kwa dakika ni sawa na maikrosiveti 1 kwa saa (kipimo cha dozi ambayo mwili hupokea) ya gama ya sesiamu 137. SBM-20 kwa kawaida hupewa mapigo 175 hivi kwa kipimo hichohicho. Anayeziangalia namba hizo haraka ataona kwamba mrija bapa una uwezo karibu mara mbili, na hapo ndipo watu wengi hutoa fedha bila kufikiri. Mirija miwili ya SBM-20 ikifungwa pamoja, kila mmoja na rezista yake ya anodi, huhesabu gama karibu sawasawa na mrija bapa mmoja, kwa sehemu ndogo ya bei yake. Mrija bapa basi unalipiwa dirisha. Asiyekusudia kupima alfa wala uchafu wa juu ya vitu ananunua dirisha ambalo atalifunika kwa kifuniko cha plastiki maisha yake yote, na kwa maoni yangu anapoteza fedha.

Tena ile namba 175 yenyewe inastahili kutiliwa shaka kidogo. Karatasi ya vipimo vya SBM-20 inatoa mapigo 29 kwa sekunde kwa kila miliroentgen moja (kipimo cha zamani cha mionzi) kwa saa ya radiamu 226, na mapigo 22 kwa kobalti 60. Miliroentgen moja ikichukuliwa kuwa maikrosiveti 10 kwa ukadiriaji wa kazi, ya kwanza inaleta mapigo 174 kwa dakika kwa kila maikrosiveti, na ya pili 132. Ni mrija uleule, umewekwa mbele ya vyanzo viwili, na tafsiri zake zimeachana kwa karibu robo. Mapigo 20 kwa dakika, hesabu ya kawaida ya chumbani, yatasomwa kuwa maikrosiveti 0.11 kwa saa kwa kigawanyo cha kwanza na 0.15 kwa cha pili, na sehemu ya mapigo hayo hutoka kwenye mrija wenyewe. Kwa gama ya nguvu ndogo hitilafu huwa kubwa zaidi, kwa sababu mrija usio na ngao ya kusawazisha huitikia kupita kiasi. Kwa J305 hali ni mbaya zaidi, kwani wauzaji tofauti huandika vigawanyo tofauti kwa mrija wenye jina lilelile, na zaidi ya hapo kuna J305 ya milimita 90 na nyingine ya milimita 107. Kwa hiyo ninapendekeza daftari liandikwe mapigo kwa dakika, na maikrosiveti ziandikwe pembeni kama makadirio. Anayelinganisha leo na jana, au ukuta wa mawe ya matumbawe wa Mji wa Kale na meza ya graniti ya jikoni, hahitaji tafsiri yoyote.

Kuna pia suala la subira. Hesabu ya mionzi hubadilika kwa bahati nasibu, na kosa lake ni kipeuo cha pili cha idadi iliyohesabiwa. Mapigo 20 ya dakika moja yana kosa la 4 au 5, ambalo ni zaidi ya asilimia 20. Mapigo 200 ya dakika 10 yana kosa la 14, yaani asilimia 7. Na ili kushuka hadi asilimia 2 unahitaji mapigo 2,500, ambayo kwa SBM-20 moja ni saa mbili na dakika 5. Mtu anayeona chombo chake kikiruka kutoka 15 hadi 27 na kurudi 18 asidhani kwamba kuna kitu kimepita hewani. Mrija mkubwa au mirija miwili hupunguza muda wa kungoja, na hiyo ndiyo faida yake ya kweli.

Mrija wa kioo unapofaa

Nimeupita J305 haraka, na sababu ni kwamba hauna jambo unalolifanya vizuri kuliko SBM-20 isipokuwa bei na upatikanaji. Vifaa vingi vya kujiundia vinavyouzwa kwa wanafunzi huja nao tayari, vikiwa na bodi iliyokwisha kulehemiwa, na kwa darasa la kidato cha nne linalotaka kusikia mionzi ya asili kwa mara ya kwanza unatosha kabisa. Udhaifu wake ni viwili. Kioo huvunjika, na mrija ukidondoka sakafuni hakuna fundi wa kuutengeneza. Pili, mwanga mkali unaweza kuongeza mapigo ya uongo, kwa kuwa nuru hung'oa elektroni kutoka kwenye utando wa ndani. Chombo kilichopimwa vizuri chumbani kikipelekwa juani ufukweni saa sita za mchana kinaweza kutoa hesabu ya kuogofya ilhali mchanga hauna lolote. Utepe mweusi wa umeme uliozungushwa juu ya kioo huondoa tatizo hilo, ingawa hupunguza kidogo beta zinazoingia. Kabla ya kuamini namba yoyote ya nje, mrija ufunikwe kwa kitambaa cheusi na usomwe tena.

Umeme wa mrija

Kila mrija una uwanda wake, yaani eneo la volti ambamo hesabu hubadilika kidogo tu hata volti zikipanda au kushuka. Kwa SBM-20 uwanda huo ni volti 350 hadi 475, na mahali pa kuukalisha ni 400. J305 hufanya kazi karibu na hapo. LND 7317 hutaka 500, kwa hiyo bodi iliyotengenezwa kwa mirija ya volti 400 na isiyo na skrubu ya kurekebisha haitaufaa, na hili ni jambo la kuangaliwa kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika. Volti zikiwa chini, mrija hukaa kimya au huhesabu pungufu; zikizidi uwanda, hupiga mfululizo wenyewe na kuanza kuharibika.

Ugumu ni kuzipima volti hizo. Multimita ya kawaida ina ukinzani wa megaomu 10, na ikishikizwa kwenye volti 400 inavuta maikroampea 40. Saketi ndogo ya kuzalisha volti za mrija mara nyingi hutoa karibu nusu tu ya mkondo huo, hivyo mita inaonyesha 180 au 230, fundi anazungusha skrubu mpaka aone 400, anaiondoa mita, na mrija unapata volti zaidi ya 600 bila mtu kujua. Dawa yake ni kuweka gigaomu 1 mfululizo na mita, kwa mfano rezista 10 za megaomu 100 zilizolehemiwa kwa msururu. Hapo mkondo unaovutwa ni maikroampea 0.4 tu, mita inaona sehemu moja katika 101, na volti 400 zinasomeka kama 3.96. Rezista ya anodi ya SBM-20, ambayo ni megaomu 5.1, ilehemiwe karibu kabisa na kibanio cha mrija, maana waya mrefu kati yake na anodi huongeza kapasitansi na kuurefusha kila mmiminiko. Mrija wenyewe usilehemiwe. Joto hupasua mahali kioo kilipoungana na chuma. Vibanio vya fyuzi vinatosha, na alama ya kujumlisha iheshimiwe, kwa sababu mrija ukigeuzwa unaharibika.

Hewa ya pwani

Unyevu wa hewa wa Mombasa mara nyingi hupita asilimia 70, na karibu na maji, Likoni au Kizingo, huwa umebeba chumvi. Kwenye redio au chaja ya simu jambo hili huleta kutu baada ya miaka. Kwenye saketi ya Geiger madhara yake ni ya siku hiyohiyo, kwa sababu mikondo ya kazi ni sehemu ndogo za maikroampea, na utando wa unyevu wenye chumvi juu ya bodi unaweza kupitisha mkondo mkubwa kuliko huo. Dalili zake zinajulikana: chombo kilichotulia mchana huanza kupiga kwa mafungu alfajiri, au volti hushuka usiku na kurudi jua linapopanda. Hata msururu ule wa gigaomu 1 huwa si gigaomu tena ukishikwa kwa vidole vyenye jasho.

Hapa ndipo fedha iliyookolewa kwa kutonunua mrija bapa inapopata kazi. Bodi ioshwe kwa alkoholi ya isopropili na brashi mpaka mabaki ya dawa ya kulehemu yaishe, kwa kuwa mabaki hayo hunyonya maji, ikaushwe vizuri, kisha sehemu yote yenye volti nyingi ipakwe vanishi ya umeme mara mbili, ikiachwa tu midomo ya vibanio. Sanduku liwe na mpira wa kuziba, na ndani yake kiwekwe kifuko cha silika kinachobadilishwa au kukaushwa upya kila kinapolowa. Mrija wa chuma usifunikwe kwa plastiki nene, la sivyo beta zitapotea. Mpasuo mwembamba kwenye sanduku, uliozibwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki ya jikoni, unazipitisha beta kali na kuizuia chumvi.

Mrija bapa una taabu zaidi katika mazingira haya. Mika haiwezi kufunikwa bila kupoteza alfa, ambayo ndiyo iliyolipiwa, na haiwezi kupanguswa: kidole au ncha ya jani ikiigusa hupasuka, na mrija umekwisha. Mchanga unaopeperushwa na upepo wa kusi ufukweni ni adui yake wa kweli. Anayeununua atafute wavu wa chuma wa kuuwekea mbele, aukubali upungufu wa mapigo utakaofuata, na auhifadhi ndani ya mkebe mkavu kila amalizapo kazi. Wote watatu wasiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, kwa kuwa kikomo cha SBM-20 ni nyuzijoto 70 na gari la namna hiyo huweza kukaribia hapo.

Kazi zenyewe

Kwa shule na kwa mtu anayejifunza, vyanzo vya kupimia vipo mjini bila kuagiza chochote. Mbolea ya kloridi ya potasiamu ina takriban bekereli 16 (yaani atomi 16 zinazovunjika kila sekunde) kwa kila gramu, zote za asili, na mfuko wa kilo moja uliowekwa chini ya SBM-20 hupandisha hesabu kwa kiasi kinachoonekana baada ya dakika 10 za uvumilivu. Mafundi wa kuchomelea kwa TIG hutumia vijiti vya tungsteni, na vile vyenye rangi nyekundu mwishoni vina asilimia 2 hivi ya thoriamu; fungu la vijiti hivyo ni chanzo kizuri, mradi visinolewe kwa ajili ya jaribio, kwa sababu hapo vumbi huanza. Kwa kazi hizi zote mrija wa chuma ndio ninaoupendekeza, na wa kioo kama bajeti ya shule haifiki.

Mvua ya masika huleta jaribio ambalo mrija bapa hulifanya vizuri kuliko wote. Mvua kubwa hufagia kutoka hewani vizazi vya gesi ya radoni na kuviangusha chini, na karatasi laini iliyopanguswa juu ya boneti ya gari lililonyeshewa, ikiwekwa mbele ya dirisha la mika, hupiga juu ya kawaida na kisha kufifia kwa saa chache, kwa kuwa risasi 214 ina nusuuhai wa dakika 27 na bismuthi 214 dakika 20. Hakuna cha kuogopa humo. Ni mionzi ya asili iliyokuwako kabla ya watu.

Kwa mawe, uamuzi hutegemea unachotaka kujua. Kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale kinajulikana kwa wanajiolojia kwa miamba yake ya kabonatiti yenye niobi, madini adimu na thoriamu, na mionzi ya asili huko iko juu kuliko sehemu nyingi za pwani. Mrija wa chuma unatosha kuonyesha hilo kwa kutembea nao tu, kwa sababu vizazi vya thoriamu hutoa beta kali na gama za kutosha. Msitu wa kilima hicho ni wa kaya (msitu mtakatifu wa jadi), kwa hiyo ruhusa ya wazee huja kabla ya chombo, na mawe hubaki yalipo. Anayelinganisha vipande vidogo mezani, kimoja baada ya kingine, ndiye atakayefaidika na mrija bapa.

Kwa samaki na vyakula, hakuna mrija kati ya hii unaofaa, na muuzaji anayesema vinginevyo asisikilizwe. Kikomo cha Japani cha sesiamu katika vyakula vya kawaida, tangu Aprili 2012, ni bekereli 100 kwa kilo. Samaki wa kawaida ana potasiamu ya gramu 3 hadi 4 kwa kilo, na kila gramu ya potasiamu hutoa bekereli 31, kwa hiyo samaki asiye na doa lolote tayari ana bekereli 100 hivi za potasiamu 40 mwilini mwake. Mrija usioweza kutofautisha kimoja na kingine, na ambao hesabu yake ya chumbani inameza vyote viwili, hauwezi kutoa hukumu juu ya changu wa Marikiti. Kazi hiyo ni ya maabara yenye kipima-wigo na ngao ya risasi.

Kwa vyuma chakavu, nasema kwa tahadhari zaidi. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, chanzo cha sesiamu 137 kilichotolewa kwenye mashine ya tiba iliyotelekezwa kilitobolewa kisha kikauzwa kwa mnunuzi wa skrapu. Watu wanne walifariki na mamia wakachafuliwa. Chanzo kilichofunikwa na rundo la chuma hutoa nje gama pekee, kwa hiyo dirisha la mika halina faida, na fuwele ya kipima-mwangaza (inayotoa cheche za mwanga ikipigwa na gama), hata ndogo, hukiona chanzo hicho kwa sekunde wakati mrija unahitaji dakika. Yadi inayopokea malori kila siku ianze kwa fuwele. Isiyoweza, itumie SBM-20 mbili au tatu pamoja, ijue hesabu ya kawaida ya lango lake, na isimamishe lori lolote linaloizidisha mara mbili kwa dakika kadhaa mfululizo.

Chombo kiwashwe mbali, na mtu asogee nacho akisikiliza. SBM-20 hukaa kiziwi kwa maikrosekunde 190 baada ya kila pigo, hivyo mapigo 1,000 yanayosomwa kwa sekunde kwa kweli ni kama 1,235, na mionzi ikizidi sana mrija unaweza kukosa nafasi ya kupumua na hesabu ikashuka hadi karibu na sifuri. Chombo kilichokuwa kikipiga kwa kasi na kikanyamaza mtu alipokaribia hakijaharibika, na hatua inayofuata ni ya kurudi nyuma. Chuma hicho kisikatwe wala kisihamishwe, watu waondolewe eneo hilo, na polisi pamoja na mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, wapewe taarifa. Mamlaka hiyohiyo ndiyo ya kuombwa kibali na anayefikiria kuagiza kutoka nje chanzo cha mionzi cha kusawazishia chombo chake.